Kabla Simu Haijapotea, Nakala Yako Ilale Wapi?

Wadogo zangu, kabla ya mengine yote nina swali, na kila mmoja ajijibu kwa ukweli: akaunti ya Gmail iliyo kwenye simu yako ilifunguliwa na nani? Na nenosiri lake unalijua?

Nauliza kwa sababu barua zenu zinalia kilio kimoja. Simu imenyakuliwa dirishani mwa matatu, imetumbukia kwenye beseni la nguo, au imezima tu usiku ikakataa kuwaka. Pamoja nayo zimekwenda picha za mtoto tangu azaliwe, sauti za mama aliyekwisha kufariki, na jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani amelipa mchango wa chama na nani hajalipa. Mkiomba msaada mnaambiwa, "Ingia tu kwenye Gmail yako, vitu vyote viko huko." Hapo ndipo mnapogota. Akaunti ilifunguliwa na kijana wa duka siku uliponunua simu. Alikuwa na wateja wengine, akaandika jina lako, akatunga nenosiri la haraka, akakukabidhi simu ikiwa tayari kwa WhatsApp. Au ilifunguliwa na binamu, au na mpenzi uliyekuwa naye wakati huo. Umeitumia simu miaka na miaka bila kuombwa nenosiri, na siku inapopotea ndipo unapogundua kwamba akaunti hiyo hukuwahi kuimiliki.

Dada mmoja wa Lanet ananiuliza inakuwaje mwanamume waliyeachana bado anajua alikokuwa Jumapili. Dadangu, kama ndiye aliyekufungulia akaunti, jibu liko hapo. Mwenye nenosiri hilo anaweza kuona picha zinazopanda zenyewe mtandaoni, majina na nambari ulizohifadhi, barua pepe zako, na hata mahali simu ilipo, kwa kutumia huduma ileile iliyowekwa ikusaidie kuitafuta simu ikipotea.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya Google, halafu usalama, uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Usichokijua, kitoe. Badilisha nenosiri, weka nambari yako mwenyewe ya kurejeshea akaunti, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama nenosiri la sasa hulijui, gusa palipoandikwa kwamba umelisahau. Simu ambayo tayari imo kwenye akaunti mara nyingi hukubaliwa kukuthibitisha kwa kufuli ya skrini. Lakini nisikilize vizuri wewe unayeishi na mtu wa kukupiga au kukutisha: kumfungia nje ghafla kunaweza kumwamsha hasira. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini, au piga 1195, nambari ya bure ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, mpange pamoja.

Sasa tuseme akaunti ni yako kabisa. Je, uitegemee peke yake? Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni za maisha ya kawaida.

Kwanza nafasi. Google hukupa GB 15 za bure kwa barua, picha na mafaili yote kwa pamoja. Enzi ya picha zisizo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp kwenye simu za Android nazo huhesabiwa ndani ya hizo hizo GB 15. Wenye iPhone hupewa GB 5 tu. Simu ya GB 128 iliyojaa video haitoshei humo. Utalipia kila mwezi, na juu yake kuna bando la kupandisha vitu. Mtu anayeuza mboga pale Wakulima Market, bando lake la wiki halikununuliwa kwa kazi hiyo. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilidhoofika. Siku kama hizo, kilicho mtandaoni kinakuwa mbali nawe.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe mdogo aliyekuwa amevimba sehemu za siri, maana muuguzi aliomba picha ili daktari aione. Simu ikazipandisha zenyewe, mitambo ya Google ikazitambua kama picha za dhuluma ya watoto, akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakasema hakuna kosa. Gazeti la New York Times lilipoandika habari hiyo mwaka 2022, bado alikuwa hajarudishiwa kitu: barua, majina, picha za utotoni mwa mwanawe. Akina mama wa hapa kwetu, mmepiga picha ngapi za vipele vya watoto mkamtumia daktari? Hamkukosea. Lakini yanayomhusu mtoto wako yasisimamiwe na mtambo usioweza kuuliza wala kusikiliza.

Wengine mtaniambia mambo yatabadilika, kwa kuwa Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data Olkaria, humu humu kaunti ya Nakuru, kitakachotumia umeme wa mvuke. Naomba kijengwe, vijana wapate kazi. Kwa picha zako, lakini, hakuna kinachobadilika. Mitambo ikiwa Olkaria au Marekani, anayeamua akaunti ifungwe au ifunguliwe ni kampuni.

Basi tufanye yetu. Kifaa cha kwanza ni flashi ya vichwa viwili: upande mmoja unaingia kwenye tundu la kuchajia simu, wa pili kwenye kompyuta. Kama una flashi ya kawaida, nunua kebo ndogo ya OTG, nayo itafanya kazi hiyo hiyo. Tafadhali msinunue flashi za barabarani zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chini ajabu. Zimechezewa ndani zidanganye ukubwa wake. Ukipita nafasi halisi, faili mpya hufuta za zamani na huoni onyo lolote. Nunua ya GB 64 au 128 dukani, upewe risiti, kisha uipime kwenye kompyuta kwa programu ya bure iitwayo H2testw. Halafu angalia imepangwa kwa mfumo gani. Ule wa FAT32 haukubali faili moja kuzidi GB 4, na video ndefu ya ruracio itakataa kuingia. Ipange upya kwa exFAT ikiwa bado tupu.

Anza na majina. Ndiyo faili dogo kuliko yote na ndilo mnaloliomboleza zaidi. Kwenye programu ya majina tafuta neno Export, simu itakutengenezea faili moja linaloishia kwa vcf. Linabeba mamia ya nambari na bado ni dogo kuliko picha moja. Liweke kwenye flashi. Kuhifadhi majina kwenye laini ni tabia ya simu za zamani. Laini hubeba majina machache tu, na ikipotea pamoja na simu umerudi palepale.

Picha ziko kwenye folda ya DCIM, na zile za WhatsApp ziko ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Nakili folda nzima ya WhatsApp, kwa maana ndani yake kuna nyingine iitwayo Databases, na humo ndimo mazungumzo yenyewe yamelala. WhatsApp hujihifadhi yenyewe kwenye simu kila usiku na huweka nakala za siku chache zilizopita, hata ukiizuia isipandishe chochote mtandaoni. Ukipata simu mpya, rudisha folda hiyo mahali pake kabla ya kuweka WhatsApp, kisha ingia kwa nambari ile ile. Narudia, nambari ile ile: ndiyo maana simu ikiibwa, kazi ya kwanza ni kurudisha laini yako. Na kama simu ya zamani bado inawaka, kuna njia rahisi zaidi iliyoletwa mwaka 2023. WhatsApp ya simu moja husoma msimbo kwenye skrini ya nyingine, mazungumzo yakahama moja kwa moja bila kupita mtandaoni.

Ukiamua kubaki na nakala ya WhatsApp iliyo mtandaoni, sikukatazi, ila iwashie usimbaji wa mwanzo hadi mwisho (end-to-end encryption), uliopo tangu 2021. Bila huo, nakala inayokaa Google haina ulinzi ule ule unaoahidiwa ukiwa unazungumza na mtu.

Jumbe fupi huwa zinasahaulika, na kwa mfanyabiashara ndizo daftari. Programu ya SMS Import / Export, ambayo ni ya bure na iko kwenye F-Droid, duka la programu huria, huzitoa zote zikawa faili. Kwa M-Pesa pekee, omba taarifa ya miezi iliyopita kupitia *334# au programu yake, ije kwa barua pepe, uihifadhi. Ujumbe unaweza kufutwa kwa bahati mbaya na mtoto anayechezea simu. Taarifa haitegemei simu.

Wenye iPhone, kwenu ni rahisi: unganisha simu na kompyuta, fungua programu ya Apple Devices au iTunes, na kwenye Mac utumie Finder, kisha uweke alama palipoandikwa kusimba nakala. Usipoweka alama hiyo, nywila ulizohifadhi na kumbukumbu za afya haziingii. Nenosiri la nakala hiyo ukilisahau, nakala haifunguki.

Sasa flashi yako ina kila kitu, na hapo ndipo hatari mpya inapoanza, kwa sababu flashi haina kufuli. Atakayeiokota ataiona familia yako yote. Mnaogopa kampuni za mbali, nami nimewaambia muwe waangalifu nazo, lakini katika barua mnazoniandikia, aliyesambaza siri karibu kila mara ni mtu anayejulikana: jirani, mtu wa saiba, fundi, mume wa zamani. Kwa hiyo nakala isiyofungwa kwa nenosiri mimi siihesabu kuwa nakala. Kwenye kompyuta tumia 7-Zip, kwenye simu tumia ZArchiver, zote za bure. Chagua faili zako, chagua aina ya 7z, weka nenosiri, na uweke alama ya kusimba hata majina ya faili. Utapata faili moja lililofungwa. Hilo ndilo la kubaki kwenye flashi, na yale ya wazi uyafute humo.

Nenosiri lisiwe nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto. Chukua maneno matano au sita yasiyohusiana hata kidogo, changanya Kiswahili na lugha ya nyumbani, iwe Kikuyu, Kikalenjin au Kiluhya. Ni rahisi kwako kuyakumbuka na ni magumu kwa mashine kuyabahatisha. Yaandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae na flashi.

Nakala moja haitoshi, nasi watu wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa sana. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, watu walikimbilia Showground na nguo walizovaa. Albamu, vyeti vya shule, vyeti vya kuzaliwa vya watoto viliungua pamoja na nyumba, na kuna watu wazima leo wasiokuwa na picha hata moja ya utoto wao. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliwafagia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini. Kihoto, Naivasha, ziwa limeingia hadi ndani ya nyumba. Katika kila tukio kati ya hayo, kitu kilichohifadhiwa vizuri kabatini kilikwenda na kabati. Hata serikali hukosea hapa: Septemba 2025 moto uliunguza kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, na terabaiti 858 za mafaili ya wafanyakazi wake zikapotea, kwa sababu hapakuwa na nakala mahali pengine.

Kwa hiyo nunua flashi mbili. Ya pili ilale kwa mtu mwingine, mbali kiasi cha kwamba janga moja lisiwakute nyote. Ukiishi Kihoto, usimwachie jirani wa Kihoto. Mpelekee shangazi Molo au dada yako Njoro. Kwa kuwa imefungwa, shangazi hataona kitu, na wewe hutakuwa na wasiwasi. Kila unapokwenda kumsalimia, mbadilishane: unaacha mpya, unachukua ya zamani. Hilo nalo linatunza flashi, maana ikikaa miaka bila kuchomekwa popote inaweza kupoteza ilichobeba. Familia yenye picha nyingi sana ichange inunue diski ya nje.

Kama nyumbani mna laptopu na waifai, kuna programu iitwayo Syncthing. Simu ikifika nyumbani hukutana na laptopu kwa waifai ya humo ndani, picha mpya zikahamia zenyewe, bila akaunti na bila kampuni katikati. Toleo rasmi la Android lilisimamishwa Desemba 2024, watu wengine wakaendeleza lile liitwalo Syncthing-Fork. Ukiitumia, washa sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani upande wa laptopu. Usipofanya hivyo, picha utakayoifuta kwenye simu itafutika na kule pia, nawe unadhani una nakala.

Flashi ya nakala isiende saiba kamwe. Mnakijua kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa vijifaili vya njia ya mkato. Kompyuta inayotumiwa na kila mtu huambukiza flashi za kila mtu. Ukitaka kuchapisha cheti, tumia flashi nyingine yenye faili hilo moja tu. Ukiingia kwenye barua pepe yako hapo, toka kabla ya kuinuka, na ufute ulichopakua. Kuna vitambulisho vya watu vinavyokaa mwaka mzima kwenye folda za kompyuta za saiba. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda, lakini mkono wako ukifuta kwanza, hutahitaji kwenda kushtaki.

Kwa fundi vilevile. Kabla ya kumpa simu, weka nakala, toa laini na memori kadi. Akisema simu itaflashiwa, elewa kwamba kila kilichomo kitafutwa. Samsung nyingi za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio: ukiiwasha, fundi anapima skrini na spika bila kuona picha wala jumbe zako. Akikwambia lazima umpe namba ya kufungulia, muulize ni ya nini, na usione haya kukaa naye mpaka amalize.

Na nyinyi mnaolipia simu kidogo kidogo kwa mkopo, nawaomba muwe wa kwanza kufanya haya. Ukichelewa kulipa simu hufungwa, na ikifungwa picha na nambari zako zimo ndani. Mwezi mbaya unaweza kumpata yeyote: shamba la maua limepunguza wafanyakazi, maziwa yameshuka bei, mtoto amelazwa. Usingoje mwezi huo.

Ukishamaliza, jaribu. Chomeka flashi kwenye simu isiyo yako, ya mtu unayemwamini, fungua lile faili kwa nenosiri lako, utazame picha moja na ucheze video moja mpaka mwisho, kisha ufute ulichofungua kwenye simu yake. Likifunguka, andika tarehe kwenye kipande cha plasta ubandike flashi, halafu mwambie mtu mmoja, mama, dada, au mwanao aliyekomaa, karatasi ya nenosiri iko wapi. Lisipofunguka, usifute chochote kwenye simu yako; rudia kazi siku hiyo hiyo, na ukikwama niandikie umekwamia hatua gani na simu yako ni ya aina gani.